Injini Imefungwa Upya na Kemshafti Kali, Lakini Gari Halivuti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu injini za Datsun za familia ya L zenye silinda nne: L16 ya cc 1595, L18 ya cc 1770 na L20B ya cc 1952. Ni injini za akina 1600SSS, 160J na 180B, magari ambayo bado yapo mikononi mwa watu wenye mapenzi nayo kutoka Mombasa hadi Eldoret. Wengi wanaoniletea gari la namna hii wana kisa kimoja. Injini imeshushwa, imechongwa silinda, imewekwa pistoni na ringi mpya, na kwa vile imeshafunguliwa, mwenyewe akaona aongeze kemshafti kali (kemshafti ni mhimili wenye nundu zinazofungua valvu). Anawasha, inanguruma vizuri ajabu. Anafika mlimani, matatu iliyojaa inampita.

Majibu yangu mengi yanarudi pale pale: pima kwanza, fungua baadaye. Injini iliyofungwa juzi haihitaji kufunguliwa leo kwa kukisia.

Nguvu zimepotea kweli, au zimehama?

Hili ndilo swali la kwanza, na watu hawalipendi. Kemshafti kali haiongezi nguvu kila mahali. Inaziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, na valvu ya kuingiza inachelewa kufunga. Injini ikizunguka haraka, huko kuchelewa ni faida, kwa sababu hewa inakuja kwa kasi na inaendelea kuingia hata pistoni ikishaanza kupanda. Injini ikizunguka polepole, hewa hiyo hiyo inasukumwa kurudi ilikotoka. Kwa hiyo gari lililokuwa likivuta kuanzia mizunguko 1,500 sasa linaanza kuamka kwenye 3,000 au zaidi.

Jaribio lake ni rahisi. Tafuta barabara iliyo wazi na salama, weka gia ya pili, kanyaga mafuta yote kutoka chini hadi juu. Kama gari ni zito chini kisha ghafla linakurukia, nguvu hazijapotea, zimehama, na shida yako ni uchaguzi wa kemshafti. Kama ni zito chini na zito juu vile vile, endelea kusoma. Kama ni zuri chini lakini linakata pumzi juu, ruka hadi swali la springi.

Nianze kuangalia nini kabla sijashika spana?

Mwombe mtu akae ndani akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho, wewe uangalie kwenye kabureta kwa macho yako. Nimeshaletewa injini "iliyokufa" ambayo milango ya kabureta ilikuwa inafunguka nusu tu, kwa sababu kiunganishi cha pedali kilirudishwa vibaya au zulia jipya lilikuwa nene. Angalia pia kama mlango wa pili wa kabureta unafunguka.

Kisha inua gari, zungusha magurudumu kwa mkono. Gari lililokaa gereji miezi mitatu mara nyingi breki zake zimeshika. Jaribu klachi: kama mizunguko inapanda mlimani lakini mwendo haupandi, klachi inateleza na injini haina kosa. Hakikisha waya wa asi kati ya injini na bodi umerudishwa. Huo husahaulika kila mara.

Na hili ni la injini hii hasa. Pampu ya mafuta ya kawaida inaendeshwa na kisahani kilichopinda ambacho hufungwa mbele ya sproketi (gurudumu la meno la cheni) ya kemshafti kwa boliti ile ile kubwa. Mtu akibadilisha kemshafti, kisahani hicho hubaki kwenye kopo la boliti za zamani. Gari linawaka kwa mafuta yaliyomo kwenye kabureta, linatembea kidogo, kisha linakufa. Ukitumia pampu ya umeme hukihitaji.

Kompresheni yangu ni 135. Fundi mmoja anasema ni nzuri, mwingine anasema injini imekwisha. Nani mkweli?

Inategemea mko wapi. Injini hii ikiwa ya kiwanda, na ikipimwa usawa wa bahari, inatakiwa iwe karibu psi 170. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa ya huko ina mgandamizo wa chini kwa karibu sehemu moja ya tano. Geji ile ile, injini ile ile, itasoma 170 Mombasa na 135 hivi Nairobi. Nakuru na Eldoret hesabu inashuka zaidi. Watu wamefungua injini nzima kwa sababu ya kutojua hili.

Halafu kuna kemshafti yenyewe. Kwa kuwa valvu ya kuingiza inachelewa kufunga, kompresheni ya kupima kwa stata inashuka hata kama kila kitu ni kizima. Kwa hiyo namba moja peke yake haikwambii kitu. Linganisha silinda na silinda.

Pima injini ikiwa ya moto, plagi zote nne zikiwa nje, betri imejaa, na pedali imekanyagwa hadi mwisho ili hewa iingie. Ukisahau pedali utapata namba mbaya na utalala vibaya. Zote nne zikiwa chini kwa usawa, shuku taimingi ya kemshafti (wakati inapofungua na kufunga valvu) kabla ya kushuku ringi. Moja ikiwa chini, mwagia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) imepasuka kati yao.

Alama za cheni ziko sawasawa kabisa. Taimingi inawezaje kuwa mbaya?

Inaweza, na kwa injini hii ndiyo sababu ninayokutana nayo kuliko zote.

Alama za cheni zinakuhakikishia jambo moja tu: hujakosea jino. Ukikosea jino moja unasogea kati ya digrii 15 na 20 za krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), na injini itakwambia yenyewe. Lakini makosa madogo, ya digrii 4 au 6, hayaonekani kwenye alama, na yanatosha kulifanya gari liwe kama limebeba mawe.

Yanatoka wapi? Kwanza, hedi. Hedi ya alumini ikipata joto inapinda, na gereji ya mashine inaikwangua ili inyooke. Kila mara inapokwanguliwa, kemshafti inashuka karibu zaidi na krenki. Tenshena (kikaza cheni) iko upande wa cheni iliyolegea na inameza ulegevu wote, kwa hiyo upande unaovuta hulazimisha kemshafti ichelewe. Hedi iliyokwanguliwa mara mbili tatu katika miaka arobaini imechelewesha kemshafti pasipo mtu kugusa kitu kingine. Pili, cheni ya zamani hurefuka, nayo inachelewesha upande huo huo. Tatu, kemshafti iliyochongwa upya: aliyechonga anaweza kuwa amesogeza nundu kidogo, kwa makusudi au kwa bahati mbaya.

Kiwanda kilijua habari za cheni, ndiyo maana sproketi ina matundu matatu ya pini, yenye namba 1, 2 na 3. Inatoka kiwandani kwenye 1. Ukihamisha kwenda 2 unawahisha kemshafti kwa digrii 4 za krenki, na 3 inaongeza 4 nyingine. Ukiweka pistoni namba moja juu kabisa, angalia nyuma ya sproketi kupitia tundu lake: kuna kijikato kwenye sproketi na mfuo kwenye bamba la kemshafti. Ukiwa umesimama mbele ya gari, kijikato kikiwa kushoto kwa mfuo, kemshafti imechelewa. Hamia tundu linalofuata. Kumbuka tu kwamba alama hiyo ilitengenezwa kwa kemshafti ya kiwanda. Kwa kemshafti kali lazima upime.

Kama hedi imekwanguliwa sana, dawa ya kweli ni kuweka shimu (vipande vyembamba) chini ya minara inayoshika kemshafti ili irudi kimo chake. Minara hiyo usiichanganye. Kila mmoja una mahali pake, na ukimaliza kufunga, kemshafti izunguke kwa mkono. Ikikaza mahali, usiwashe.

Kupima kunafanywaje hasa?

Unahitaji sahani ya digrii, ambayo unaweza hata kuichapisha na kuibandika kwenye bati gumu, waya wa kuelekezea, na dayali geji (geji ya mshale inayopima mwendo mdogo). Plagi ya zamani iliyotobolewa na kuwekwa boliti katikati ndiyo kizuizi cha pistoni.

Usiamini alama ya puli kwamba ndiyo juu kabisa. Puli nyingi zina mpira katikati, na baada ya miaka mpira huteleza. Funga kizuizi kwenye silinda ya kwanza, zungusha krenki polepole kwa mkono hadi pistoni iguse, andika namba. Zungusha upande wa pili hadi iguse tena, andika. Katikati ya namba hizo mbili ndipo juu kabisa penyewe. Sogeza waya usome sifuri hapo. Toa kizuizi, maana nimeshaona aliyekisahau.

Sasa weka dayali geji juu ya valvu ya kuingiza ya silinda ya kwanza. Zungusha injini kwa mwelekeo wake wa kawaida tu. Ukirudi nyuma ulegevu wa cheni unakudanganya. Tafuta mahali valvu imefunguka hadi mwisho, weka sifuri kwenye geji. Zungusha karibu mizunguko miwili kamili, simama pale geji inapobakiza milimita 1.25 kufika kilele. Soma sahani. Endelea upite kilele, simama tena ikishashuka milimita 1.25. Soma.

Mfano wa gari la juzi: kusoma kwa kwanza kulikuwa digrii 72 baada ya juu kabisa, kwa pili 152. Jumlisha ni 224, gawa kwa mbili, 112. Karatasi ya kemshafti ilitaka 108. Imechelewa digrii 4, yaani tundu moja la sproketi. Tulihamisha kutoka 1 kwenda 2, tukapima tena, ikasoma 108. Hedi haikufunguliwa. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa na gereji nyingine kwamba pistoni zake ni feki.

Kama huna karatasi ya kemshafti, idai kwa aliyekuuzia. Kemshafti isiyo na karatasi ni chuma tu.

Nitahamishaje sproketi bila kufungua mbele yote?

Kwa kabari ya mbao. Ichonge ndefu na nyembamba, ishushe kati ya pande mbili za cheni, ikaze, uifunge kamba ili isitumbukie. Ndipo utoe sproketi. Ukiiachia cheni bila kabari, tenshena inaruka nje kule chini na sasa unafungua kava la mbele, puli, radieta, vyote. Mimi nilijifunza hilo Jumamosi saa kumi na moja jioni, mteja akiwa amesimama pembeni na suti ya harusi.

Tapeti niweke ngapi?

Tapeti ni nafasi kati ya nundu na roka, ule mkono mdogo unaosukuma valvu. Kwa kemshafti ya kiwanda, injini ikiwa baridi: 0.20 kuingiza na 0.25 kutoa. Ikiwa ya moto: 0.25 na 0.30. Zote milimita. Kwa kemshafti kali fuata karatasi yake, si kitabu cha gari. Tapeti zikibana, valvu haikai vizuri, kompresheni inavuja na valvu inaungua. Rudia kupima baada ya kilomita mia chache, kwa sababu valvu mpya zilizosagwa hukaa chini kidogo na nafasi inapungua.

Gari lilikuwa zuri wiki mbili, sasa linazidi kuchoka na kuna kelele juu. Vipi?

Fungua kava la juu uangalie nundu. Ukiona moja imeng'aa vibaya au ncha yake imekuwa butu, kemshafti inalika.

Sababu ya kwanza ni oili. Baadhi ya kemshafti za injini hizi hupata oili kwa ndani, kupitia vitundu kwenye nundu. Nyingine hunyunyiziwa na bomba jembamba lililofungwa juu ya minara. Mtu akitoa kemshafti yenye vitundu akaweka isiyo navyo, na hedi haina bomba, hakuna oili inayofika. Na bomba lenyewe hupenda kuziba au kulegea viungo.

Sababu ya pili ni jiometri. Kemshafti iliyochongwa upya ina duara dogo kuliko la awali, kwa hiyo roka inainama zaidi na nundu inasugua pembeni mwa uso wa roka badala ya katikati. Paka nundu wino wa buluu, zungusha, tazama alama kwenye roka. Ikiegemea ukingoni, unahitaji vile vipande vya juu ya valvu vyenye unene mwingine. Vinapatikana kwa vimo tofauti, na ukiruka hatua hii hata kemshafti ya bei mbaya itakwisha.

Sababu ya tatu ni dakika ishirini za kwanza. Kemshafti mpya na roka mpya havitaki sailensa, yaani injini kunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta. Ikiwaka tu, ishike mizunguko 2,000 hadi 2,500, ukipandisha na kushusha, kwa dakika 20, na oili yenye zinki ya kutosha. Anayewasha kisha akaiacha ikinguruma polepole huku akipiga picha anaila kemshafti yake.

Na moto wa plagi?

Mhimili unaoendesha distributa ndio huo huo unaoendesha pampu ya oili, na unaingizwa kutoka chini. Pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa kwenye kompresheni, mfereji wa mhimili uelekee kama mshale wa saa kwenye 11:25, ile nusu ndogo ikiwa mbele. Ukikosea jino, distributa utaizungusha hadi mwisho wa tundu lake na bado moto hautawahi vya kutosha. Mpangilio ni 1-3-4-2.

Kemshafti kali hupenda moto wa mapema zaidi kwenye sailensa, lakini jumla ya juu usiipite digrii 32 hadi 35 hivi. Hakikisha vile vizito vidogo ndani ya distributa havijaganda kwa kutu: washa taa ya taimingi, pandisha mizunguko, alama lazima isogee. Isiposogea, umepata nguvu zako.

Kabureta ile ile ya zamani inatosha?

Itawasha. Haitatosha. Lakini kabla ya kununua kubwa, kumbuka mwinuko: jeti zilizopangwa Mombasa zitamwaga mafuta mengi mno Nairobi, plagi zitakuwa nyeusi kama masizi ya sufuria na gari litakohoa likipanda. Soma plagi baada ya kuvuta mlima, sio baada ya foleni ya mjini.

Juu ya mizunguko 5,000 inakata kama imefungwa kamba.

Springi za valvu. Za kiwanda, tena za miaka arobaini, haziwezi kuifuata nundu ndefu na kali, valvu inaelea. Weka springi zinazoendana na kemshafti, na upime zisifunge koili kwa koili pale valvu inapofunguka hadi mwisho. Kabla ya hapo ulipaswa kuwa umeweka plastisini juu ya pistoni, ukazungusha kwa mkono mara mbili na kupima unene uliobaki: angalau milimita 2 upande wa kuingiza, 2.5 wa kutoa.

Gasketi nene inaweza kupunguza nguvu?

Kidogo. Kwa L20B yenye uwiano wa kompresheni wa 8.5, kuongeza nusu milimita kunakushusha hadi 8.2 hivi. Ukijumlisha na kemshafti inayochelewa kufunga, sehemu ya chini inazidi kuwa nzito. Kemshafti kali inataka uwiano upande, si ushuke.

Ringi mpya zinahitaji kilomita ngapi?

Hukaa zaidi kwa mzigo kuliko kwa kilomita. Tumia oili ya kawaida ya madini, vuta kwa nguvu kiasi kwenye gia ya tatu kisha achia, rudia mara nyingi siku ya kwanza. Kuendesha kwa upole kilomita elfu nzima ndiko kunakong'arisha silinda na kuacha ringi zikivujisha.

Nina Corolla yenye 4A-FE. Haya yananihusu?

Upimaji wote unakuhusu. Kinachoongezeka ni kompyuta. Corolla nyingi za injini hiyo hupima hewa kwa sensa ya mvuto kwenye manifoldi. Kemshafti kali inapunguza mvuto huo kwenye sailensa, kompyuta inadhani umekanyaga mafuta, inamwaga petroli. Bila kupanga upya programu utapata harufu na ulaji wa mafuta, si nguvu.

Nirudishe kemshafti ya zamani?

Kama umepima, kila kitu kiko sawa, na gari ni la kubeba watoto shule na kupanda Mai Mahiu na mizigo, ndiyo, rudisha, na hakuna aibu. 1600SSS iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1970 na 160J na Violet GT alizoendesha Shekhar Mehta akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, zilikuwa na gia na difu zilizopangwa ili injini isishuke chini ya pale inapovuta. Lako lina difu ya kiwanda na foleni ya Thika Road. Ukirudisha, rudisha na roka zake zile zile, kila moja kwenye nundu yake. Kama zilichanganywa kwenye kopo moja na hakuna aliyeziwekea alama, nunua roka mpya.